Springi Hukatika Pembeni mwa Kovu

Likizo iliyopita nilirudi nyumbani Itaka, wilaya ya Mbozi, nikiwa na siri moja kwenye begi: sapu ya somo la sayansi ya vifaa vya uhandisi. Sikumwambia mtu. Kijijini ukishasema uko chuo watu wanakuhesabu injinia tayari, na mimi sikuwa na haraka ya kuwakatisha tamaa. Nilipanga kujifungia chumbani na madesa yangu, nikariri tena yale yale niliyokariri mara ya kwanza, nirudi niandike, mambo yaishe.

Binamu yangu anaendesha Fuso ya mtu, inayobeba mahindi na kahawa kwenda Mlowo. Wiki niliyofika, bamba la juu la springi ya nyuma lilikuwa limekatika. Msimu wa mzigo ulikuwa umeanza na mwenye gari hakutaka kusikia habari ya kununua bamba jipya, kwa hiyo gari likapelekwa kwa fundi wa kuchomelea. Fundi alifanya kazi safi, tusimwonee. Kovu lilikuwa nene, limenyooka, limepigwa msasa mpaka linapendeza. Siku ya tatu, gari likiwa limeshiba mzigo, bamba likakatika tena kwenye kona na gari likalalia mtaro. Binamu alitoka na michubuko. Utingo, kijana niliyesoma naye shule ya msingi, alivunjika mfupa wa paja.

Jioni bamba likaletwa kwa mjomba wangu, ambaye ni mhunzi. Kitu cha kwanza alichotuonyesha ni kwamba kovu lenyewe lilikuwa zima kabisa. Chuma kilikuwa kimekatika milimita chache pembeni mwake, mahali ambapo hakuna aliyegusa. Akakigeuza kipande kwenye jua, uso wa mkato ukametameta vipunjepunje.

"Ona hapa, mjomba," akaniambia. Sisi huitana hivyo, yeye mjomba kwangu na mimi mjomba kwake. "Hiki kimevunjika kama chumvi. Chuma kizuri hujikunja kwanza, kinalia, ndiyo kinakatika. Wewe si ndiye unasomea vyuma? Hebu tueleze."

Nikakohoa. Nikasema, "Nadhani mzigo ulizidi nguvu ya chuma, mjomba."

"Hilo hata utingo analijua," akasema, akaendelea kuvukuta moto wake.

Nililala vibaya usiku ule. Nilikuwa na kurasa 90 za madesa kuhusu vifungo vya atomi, fuwele na dosari za fuwele, na sikuwa na sentensi hata moja ya kumjibu mzee aliyeishia darasa la saba. Haya ninayoandika hapa ni jibu nililompa siku kama kumi baadaye, nikiwa nimesoma upya, safari hii nikiwa na kile kipande cha bamba mezani.

Tuanze na chumvi, maana mjomba alianza nayo. Watu wa Songwe chumvi tunaijua. Kule Ivuna, bondeni karibu na Ziwa Rukwa, kuna chemchemi za maji ya chumvi, na wanaakiolojia waliochimba pale miaka ya 1960 walikuta dalili kwamba watu walikuwa wakitengeneza chumvi mahali hapo karne nyingi kabla ya mkoloni kufika. Chukua punje ya chumvi ya mawe uipige kwa nyundo. Haibonyei, haitandazwi, inapasuka tu, tena inapasuka kwa nyuso zilizonyooka. Sababu iko kwenye kifungo. Atomi ya sodiamu imempa jirani yake klorini elektroni moja, kwa hiyo mmoja amebaki na chaji chanya na mwingine hasi, wanavutana. Wamejipanga chanya, hasi, chanya, hasi, kila upande, kama bao la drafti lenye ghorofa. Sasa nyundo inapotua, tabaka moja linasogea kidogo juu ya lingine. Likisogea hatua moja tu, chanya inajikuta uso kwa uso na chanya, hasi na hasi. Waliokuwa wanavutana sasa wanasukumana, na fuwele inaachana pale pale.

Chuma hakikufungwa hivyo. Ndani ya chuma kila atomi imeachilia elektroni zake za nje zikawa mali ya wote. Hazina mwenyewe, zinatembea popote, na ndizo zinazoshikilia kundi zima pamoja. Ndiyo maana chuma kinapitisha umeme, na ndiyo maana tabaka moja likisogea juu ya jingine hakuna ugomvi: atomi inaachana na jirani huyu inampata mwingine aliye sawasawa na yule wa kwanza, elektroni ziko pale pale zikiwafunga. Chuma kinajikunja, hakipasuki. Almasi ya Mwadui ni habari nyingine tena. Kule kila atomi ya kaboni imeshikana mikono na wenzake wanne kwa elektroni wanazochangia wawili wawili, na mikono hiyo ina mwelekeo maalumu, huwezi kuipinda. Ndiyo maana almasi ni ngumu kuliko kila kitu unachokijua lakini nyundo inaipasua.

Hapa ndipo madesa yangu yalikuwa yameniacha. Kama kifungo cha chuma ni kifungo cha chuma, kwa nini springi ya Fuso ilivunjika kama chumvi? Atomi ni zile zile, elektroni ni zile zile. Lazima kuna kitu kingine kinachoamua zaidi ya kifungo.

Kesho yake nilipanda bodaboda nikaenda Ndolezi kukiangalia kimondo. Wengi mmekiona kwenye picha: lile bonge la chuma lenye urefu wa kama mita tatu, linalokadiriwa kuwa na tani 16, limekaa juu ya nguzo ya saruji. Wenyeji walikijua miaka mingi kabla. Wageni walikisikia mwaka 1930 baada ya mpima ardhi aitwaye W.H. Nott kuonyeshwa. Kilikuwa kimezama ardhini, sehemu ya juu tu ikionekana, wakachimba kukizunguka wakaacha nguzo ya udongo chini yake, kisha wakaiimarisha kwa saruji. Kwenye ncha yake utaona makovu ya watu waliojaribu kukata vipande vya kumbukumbu. Walipata tabu. Ni asilimia 90 hivi chuma, na nikeli kama asilimia 8, pamoja na vipande vidogo vya shaba, fosforasi na salfa. (Songwe tuna bahati na mambo ya angani. Kimondo kingine, cha aina tofauti kabisa, chenye kaboni na maji ndani yake, kilianguka Ivuna tarehe 16 Desemba 1938, na maabara za dunia zinakigombania mpaka leo. Lakini hicho tukiache.)

Nilichokifuata Ndolezi ni wazo moja. Chuma chochote ni fuwele, sawa na chumvi, ila fuwele zake hatuzioni. Kwenye nondo au jembe ni punje ndogo ndogo zilizobanana, nyingi hazifiki hata sehemu ya kumi ya milimita. Ndani ya kila punje atomi zimejipanga kwa nidhamu ya gwaride, lakini punje ya jirani imejipanga kuelekea upande mwingine, na kati yao kuna mpaka. Vimondo vya chuma ni mojawapo ya mahali ambapo mpangilio huo unaonekana kwa macho. Mwaka 1808, Alois von Widmanstätten wa Vienna aligundua kwamba ukisawazisha uso wa kimondo cha chuma, kutokea mistari mipana inayokatizana kama ukili uliosukwa ni suala la joto au asidi tu. Vimondo vyenye nikeli kati ya asilimia 6 na 13 hivi ndivyo vinavyotoa mistari hiyo. Inatokana na aina mbili za fuwele, moja yenye nikeli kidogo na nyingine yenye nikeli nyingi, zilizokua moja ndani ya nyingine wakati chuma kikipoa ndani ya tumbo la sayari ndogo. Kilipoa polepole kiasi gani? Kwa vimondo mbalimbali wanakadiria nyuzi chache hadi maelfu kwa kila miaka milioni moja. Hakuna tanuri duniani linaloweza kuiga subira hiyo.

Nilisimama pale nikijiambia: kumbe muda wa kupoa unaandikwa ndani ya chuma. Nikakumbuka kovu la springi. Lilipoa kwa sekunde ngapi?

Kabla ya kufika huko kuna jambo moja la kushangaza, ambalo mhadhiri wetu alilitaja kwenye pindi moja na sisi tukaliruka kwa kuwa lilikuwa na hesabu. Mwaka 1926 mwanafizikia Yakov Frenkel alikaa chini akapiga hesabu: kama fuwele ni kamilifu, nguvu ya kusogeza tabaka zima la atomi juu ya jingine kwa mpigo mmoja ni kiasi gani? Kwa chuma jibu linakuja megapaskali elfu kadhaa, zinazokaribia au kupita elfu kumi. Weka hivi. Waya wa chuma wenye mkato wa milimita moja ya mraba ungepaswa kubeba karibu tani moja, yaani magunia kumi ya mahindi ya kilo mia, kabla haujaanza kurefuka. Waya wa kawaida wa chuma laini unaanza kunyooka ukitundika kilo 25 hivi. Ndoo ya maji na kidogo juu. Tofauti ni mara arobaini, na kwa chuma safi sana chenye fuwele moja tofauti ni kubwa zaidi ya hapo. Hesabu haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa kudhani kwamba fuwele ni kamilifu.

Mwaka 1934 watu watatu, kila mmoja kivyake, walitoa jibu lile lile: Geoffrey Taylor kule Uingereza, na Wahungari wawili, Egon Orowan na Michael Polanyi. Nalieleza kwa turubai. Kila nyumba Itaka ina turubai la kuanikia mahindi. Mvua ikilinyeshea likalowa na kugandamana na ardhi, jaribu kulivuta lote kwa pamoja. Halisogei, utaumia mgongo bure. Mama yangu hafanyi hivyo. Anaenda pembeni, analikusanya kidogo mpaka linafanya mkunjo mmoja, halafu anausukuma ule mkunjo kwa miguu, polepole, mpaka unatokea upande wa pili. Mkunjo ukishatoka, turubai zima limesogea upana wa kiganja. Hakuna wakati ambapo turubai lote lilinyanyuliwa. Ni mstari mmoja mwembamba tu kila hatua.

Ndani ya chuma kuna mikunjo ya namna hiyo. Kuna mahali ambapo safu moja ya atomi imeingia katikati ya nyingine na kuishia njiani, haikufika mwisho, na majirani wamelazimika kujipinda kuizunguka. Mstari wa mahali ilipoishia ndio mkunjo. Nyundo inapopiga, tabaka halisogei lote, unasogea mkunjo, hatua ya atomi moja kwa wakati, na kila hatua inahitaji nguvu kidogo sana. Kwa miaka 20 wengine walidhani ni hadithi nzuri tu, mpaka 1956 Peter Hirsch na wenzake kule Cambridge walipoiona kwa hadubini ya elektroni, ikitembea ndani ya utando mwembamba wa alumini. Na mwaka huo huo wa 1956 S.S. Brenner alichapisha majaribio ya nywele za chuma, fuwele nyembamba kiasi kwamba karibu hazina mkunjo hata mmoja. Zilibeba megapaskali kama 13,000. Magunia kumi na tatu. Frenkel alikuwa sahihi kumbe, kwa chuma kisicho na dosari.

Hapa nilikaa kimya muda mrefu. Sote tumezoea kudhani dosari ni udhaifu na basi. Lakini chuma kisicho na mikunjo mhunzi angekifanyia nini? Kingekataa kila pigo mpaka mwisho, kisha kingeachia ghafla. Jembe linatandazika, waya unapindika, bati linakunjwa, kwa sababu ndani kuna dosari zinazotembea. Kwenye chuma kilicholainishwa motoni, ukikata uso wa sentimita moja ya mraba, mikunjo inayopita hapo ni mamilioni. Ukikifua kikiwa baridi inafika mamia ya mabilioni.

Na hiyo namba ya mwisho ina maana yake, jaribu mwenyewe. Chukua waya wa kufungia nondo, upinde, unyooshe, upinde tena pale pale. Mara ya pili ni mgumu zaidi kuliko ya kwanza. Kila unapoupinda mikunjo mipya inazaliwa, inakuwa mingi, inakutana na kunasana kama magari pale Tunduma mpakani foleni ikikolea. Mkunjo usiopita haukunji chuma. Ukiendelea unafika mahali hakuna kinachoweza kusogea, na waya unakatika. Mjomba anajua hili bila Taylor wala Orowan: chuma kikianza "kuringa" chini ya nyundo, anakirudisha motoni. Joto linazipa atomi nafasi ya kuhama, mikunjo inafutana, punje mpya zinaota, chuma kinarudi kuwa mtiifu.

Kwa hiyo siri yote ya ugumu wa chuma ni swali moja: mikunjo inazuiwa na nini, na kwa kiasi gani? Mipaka ya punje inazuia, ndiyo maana punje ndogo hutoa chuma imara zaidi. Mikunjo yenyewe inazuiana. Halafu kuna wageni. Atomi ngeni ndani ya fuwele inaweza kubadili kitu kizima. Tanzanaiti ya Mererani ina rangi yake kwa sababu ya vanadi kidogo iliyojipenyeza ndani ya fuwele ambayo bila hiyo isingekuwa na rangi ya kumtoa mtu Arusha. Kwa chuma, mgeni mkuu ni kaboni.

Kaboni ni atomi ndogo, haichukui kiti cha atomi ya chuma, inajibanza kwenye uwazi kati yao. Sasa chuma kina mipangilio miwili. Kikiwa baridi, mpaka nyuzi 912, kila kichemraba kina atomi kwenye pembe zake nane na moja katikati. Juu ya hapo kinajipanga upya: atomi kwenye pembe na moja katikati ya kila uso. Mpangilio wa pili umebanana zaidi, lakini nafasi zake ni kubwa. Najua inasikika kama mkanganyiko, hata mimi ilinipa sapu. Fikiria Coaster iliyokaliwa vibaya: kila abiria ameacha upenyo wa vidole vinne, jumla ya nafasi ni kubwa lakini hakuna anayeweza kukaa. Konda akiwabana wote upande mmoja, ghafla mtu mzima anapata kiti. Ndivyo ilivyo. Chuma cha moto kinaweza kumeza kaboni hadi asilimia 2 hivi. Kikiwa baridi hakimezi hata sehemu ya mia mbili ya hiyo.

Springi ya lori ina kaboni kama asilimia 0.6. Ikiwa nyekundu motoni, kaboni yote imetulia ndani. Ikipoa taratibu, kaboni inapata muda wa kutoka na kujikusanya kando, chuma kinakuwa cha kati na kati. Ikipozwa ghafla, hakuna muda. Chuma kinajipanga upya kwa kasi na kaboni inakutwa imekaa kwenye nafasi isiyoitosha. Kichemraba kinavutwa kikawa kirefu upande mmoja, fuwele nzima inajaa mkazo, na mikunjo haiwezi kusogea hata hatua. Huo ndio ugumu wa msumeno na tupa. Ukipiga tupa chini kwenye sakafu inavunjika kama sahani. Inavunjika kama chumvi.

Nadhani umeshafika. Moto wa kuchomelea ni maelfu ya nyuzi, lakini ni sehemu ndogo tu inayowaka. Bamba lililobaki ni baridi na ni kubwa. Fundi anapoinua kijiti chake, chuma kilicho pembeni mwa kovu, ambacho hakikuyeyuka ila kilipita nyuzi 900, kinanyonywa joto na bamba zima kwa sekunde chache. Bamba lenyewe limekuwa ndoo ya maji. Kovu lenyewe halina shida, kwa kuwa kijiti cha kawaida ni chuma laini chenye kaboni kidogo. Pembeni ndipo palipogeuka kuwa tupa. Halafu mahali hapo hapo pakabebeshwa mzigo na kurushwa juu ya mashimo. Na kuna kinachoongezea: vijiti vilivyolala kwenye unyevu, na kwetu asubuhi ukungu haukosekani, vinaingiza haidrojeni kwenye chuma cha moto. Haidrojeni ni atomi ndogo kuliko zote, inatembea ndani ya chuma hata kikiwa kimepoa, inakwenda kukusanyika penye mkazo na kufungua ufa polepole. Inaweza kuchukua saa, inaweza kuchukua siku. Kwa hiyo gari likitoka kwa fundi likiwa zima haithibitishi chochote.

Fundi yule yule anatengeneza mageti na madirisha ambayo yatamzika yeye na sisi. Chuma cha dirisha kina kaboni kidogo, kupozwa haraka hakukifanyi tupa. Mkono wake hauna kasoro. Tatizo ni kwamba vyuma viwili vinafanana kwa macho, vyote vyeusi, vyote vizito, na hakuna aliyemwambia tofauti. Mimi ndiye niliyekuwa nimelipiwa bumu nijue.

Nilipomaliza kumweleza mjomba, aliuliza swali ambalo mtihani wetu haukuuliza. "Sasa mbona mimi naipoza ghafla hiyo hiyo springi, natengeneza shoka, na haivunjiki?"

Akanionyesha badala ya kungoja jibu. Alikata kipande upande ule ambao haukuguswa na moto wa fundi, akakifua kikapata umbo, akakirudisha motoni. Ana sumaku aliyoitoa kwenye spika ya redio mbovu, ameifunga kwenye waya. Kila mara anaigusisha kwenye chuma chekundu. Ikishika, bado. Ikiacha kushika, chuma kimepita nyuzi 770 na usumaku umepotea. Anasubiri kidogo tu, kisha anakitumbukiza kwenye oili chafu. Oili inapoza taratibu kuliko maji, chuma hakipasuki. Pale shoka lilikuwa tupa kamili, na tungelitumia hivyo lingemeguka kwenye gogo la kwanza. Ila hakuishia hapo. Alilisugua kwa jiwe mpaka likang'aa, akaanza kulipasha tena kutokea nyuma, polepole, akiangalia rangi zinavyotembea kuelekea kwenye makali: kwanza njano ya majani makavu, kahawia, halafu zambarau. Ni utando wa kutu mwembamba sana, unene wake ndio unaotoa rangi, na rangi ndiyo kipimajoto chake. Njano ni nyuzi 220 na kitu, zambarau karibu 280. Zambarau ilipofika pale anapotaka akalizamisha.

Kwa joto hilo dogo, kaboni iliyobanwa inapata nafasi ya kusogea kidogo na kutulia kwenye vijipunje vidogo mno, mkazo unapungua, na mikunjo inapata upenyo. Si mwingi, wa kutosha tu shoka lijipinde kabla ya kuvunjika. Hatua hiyo ndiyo springi ya Fuso haikupata.

"Basi angeweza kuichomelea akaipasha hivi?" akauliza binamu, aliyekuwa amekaa kimya muda wote.

Inawezekana, nikamwambia, kama bamba lingepashwa moto kabla, likachomelewa kwa vijiti vikavu vinavyolifaa, likafunikwa lipoe taratibu, kisha likatiwa ugumu na kupashwa upya lote. Mjomba akacheka. Kazi hiyo yote, akasema, ni ghali kuliko bamba jipya.

Mwenye gari amenunua bamba jipya. Mtaro uligharimu zaidi ya bamba. Utingo alikuwa bado na plasta nilipoondoka, amekaa kibarazani kwao akimenya maharage. Sapu niliiandika Septemba. Kipande chenye kovu kiko mezani kwangu hosteli, kinashikilia karatasi zisipeperuke. Ukija chumbani nitakuonyesha mahali kilipokatika, bado panametameta.